Sifa za Bolti Iliyobaki

Wahaya wana ebyebugo, yale majigambo ambayo zamani shujaa alisimama mbele ya mfalme, mkuki mkononi, akajisifu kwa vita alivyopigana. Sisi wa Kaniha, huku Biharamulo, hatuna mfalme, na mikuki ya babu zetu ilishakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hata hivyo leo nasimama, spana namba 12 mkononi, nimsifu mmoja asiyejua kujisifu. Naisifu bolti iliyobaki: ile ambayo ukishamaliza kufunga injini kwa mikono yako mwenyewe, umenawa kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, umeketi unywe chai, unaikuta imelala kwenye karai, peke yake, inakutazama.

Sifa zake ndogo nizimalize haraka. Haili, hailali njaa, haiombi nauli ya kwenda msibani. Inazuia karatasi zisipeperuke. Ukiifunga kwenye uzi ni timazi nzuri, na fundi mwashi wa hapa kwetu ameshaiazima kwangu mara mbili. Ina thamani pia. Tulawaka, humuhumu Biharamulo, dhahabu ilianza kuzalishwa 2005, na 2013 mgodi ukaingia mikononi mwa STAMICO, shirika la madini la serikali. Watu wamechimba wilaya hii wakapata walichopata. Mimi nimechimba injini ya Toyota Carina, nikapata chuma kisichozidi uzito wa yai.

Sifa yake kubwa ni ukweli, na hapo ndipo nitakapokaa.

Kwanza nieleze tulivyokutana. Carina yangu, ya injini ya 5A, ilikuwa inavuja maji. Fundi akaitazama kwa sekunde chache, akasema wotapampu imekufa, ufundi wake ni elfu arobaini, pampu nitafute mwenyewe. Elfu arobaini! Nimefundisha Sayansi darasa la saba kwa miaka kumi na tisa. Nimechora pampu ubaoni mara ngapi? Nikanunua pampu, nikaazima spana, nikatafuta video kwenye simu. Ndani ya video kulikuwa na mzungu mmoja kwenye gereji yenye sakafu safi kuliko meza yangu ya chakula. Alifungua, akabadilisha, akafunga, akatabasamu. Dakika kumi na nne.

Mimi ilinichukua Jumamosi yote na Jumapili yote. Kuifikia pampu ya gari hilo lazima kwanza utoe mikanda, kava, kijiti cha oili na bomba lake, na kila kitu kina bolti zake, na kila bolti niliitupa kwenye karai moja kwa imani kwamba zitajuana zenyewe. Shemeji yangu alishika tochi. Jumapili saa mbili usiku nikafunga ya mwisho, nikajinyoosha mgongo. Shemeji akaingiza mkono kwenye karai.

"Mwalimu, na hii?"

"Hiyo ya akiba."

"Wajapani huwa wanaweka akiba?"

"Wajapani ni watu wa tahadhari sana."

Akaimulika ile bolti, akanimulika mimi usoni, akazima tochi. Gari likawaka kwa mkupuo mmoja. Mke wangu akapiga kigelegele dirishani. Bolti nikaitia mfukoni.

Jumatatu nikaondoka kwenda Nyakanazi. Wotapampu ya injini ile inashikwa na bolti tatu. Mbili zinatosha kabisa wakati injini ni baridi, kama vile ahadi zinavyotosha wakati wa kampeni. Lakini maji yakishapata moto yanasukuma, na pale pasipo bolti gasketi inaanza kufunua midomo. Maji hayakutiririka chini nikayaona. Yalirushwa kidogo kidogo kwenye chuma cha moto yakawa mvuke, yakaenda zake. Nilipita Lusahunga nikiimba.

Sasa tazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Kile kifaa kinachopima joto kimetengenezwa kikae ndani ya maji. Maji yakiisha, kinapima hewa, na mshale unaweza kutulia chini ukakuonyesha amani wakati injini inaungua. Wangu ulitulia. Sijawahi kuuona umetulia vile, kama mgeni wa heshima aliyesinzia jukwaani. Nikasikia harufu, nikadhani ni lori la mbele yangu. Kisha gari likapoteza nguvu, kisha mlio, kama mtu anayegonga sufuria kwa mwiko akiita watoto waje kula, kisha kimya. Injini imekamata. Silinda hedi ya 5A ni ya aluminiamu, ilikuwa imepinda. Pistoni zilikuwa zimevimba zikaung'ang'ania ukuta wa silinda. Kwa lugha ya gereji, imenoki.

Nilikaa kwenye majani kando ya barabara, nikatoa bolti mfukoni. Na hapo ndipo sifa hii ilipozaliwa. Kati ya wote waliohusika, nani alikuwa amesema kweli? Mshale ulidanganya. Video ilidanganya kwa kukata sehemu za kutukana. Shemeji alidanganya kwa kuzima tochi. Mimi nilidanganya mara mbili, kwa mdomo na kwa mfuko. Bolti peke yake, Jumapili usiku, ilikuwa imelala mahali pa wazi ikisema neno moja: sipo kazini.

Nani mwingine katika nchi hii anayefanya hivyo? Mzee Ali Hassan Mwinyi, miaka ya 1970, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya watu waliokufa Shinyanga mikononi mwa watumishi wa dola. Yeye mwenyewe hakuwagusa. Aliubeba mzigo akatoka, na 1985 akawa Rais. Mpaka leo tukitaka mfano wa kiongozi aliyeachia ngazi tunarudi kwake, kana kwamba ngazi yenyewe iliondolewa baada yake. Bolti yangu ni ya ukoo huo, na imemzidi kwa jambo moja: ilijiuzulu kabla ya ajali. Haikungoja tume iundwe. Haikusubiri barua. Iliona kwamba mahali pake hapajulikani na mkuu wa kazi, ikakaa pembeni, ikaacha ushahidi wa mwili wake mzima juu ya karai.

Napendekeza ishughulikiwe ipasavyo. Ipewe kiti mbele, karibu na mgeni rasmi. Mahakamani ingefaa kuwa shahidi: haihitaji kuapishwa, wakili hawezi kuibana kwa maswali mpaka ijipinge, na ina urefu uleule asubuhi na jioni. Ikikosekana nafasi huko, iwekwe kwenye ukaguzi wa mahesabu. Hebu fikiria mkaguzi asiyekunywa soda ya mwenyeji!

Msidhani natia chumvi. Juni 1990 ndege ya British Airways iliruka kutoka Birmingham kwenda Málaga. Siku moja kabla, kioo cha mbele upande wa rubani kilikuwa kimebadilishwa na kufungwa kwa bolti 90. Kila tundu lilipata bolti yake, kazi ikaonekana imekamilika. Kumbe 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Angani kioo kikachomoka, rubani akavutwa nje mpaka kiunoni, wahudumu wakamng'ang'ania miguu hadi ndege ilipotua Southampton. Aliokoka, Mungu mkubwa. Sasa niambie: bolti tisini zilizokaa kwenye matundu zikijifanya zinatosha, na bolti moja iliyosema haitoshi, ipi ni rafiki yako?

Hapa niiweke spana chini kidogo, maana kuna watu nataka kuwasema.

Miaka ya nyuma, kwenye barabara hizi za Biharamulo na Ngara, magari yalikuwa yakipita porini kwa msafara, yakisindikizwa na askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Siku hizi gari likizima, anayejitokeza ni mshauri. Sijui yupi nafuu. Jambazi alichukua ulichonacho akaenda zake. Mimi nilikuwa sijamaliza kukata matawi ya kuweka barabarani kuwatahadharisha madereva wa malori ya Kigali na Bujumbura, tayari nina washauri saba. Wa kwanza, wa bodaboda, akasema ni plagi. Wa pili akasema mafuta ya siku hizi yamechanganywa. Utingo wa lori aliyeshuka kujisaidia alirudi na maoni kwamba ni kompyuta ya gari, nibadilishe. Mzee mmoja mwenye mbuzi wawili aliuliza kama nina ugomvi na mtu nyumbani. Wa tano, na huyu simsamehe, alichukua dumu la maji ya baridi akalimwaga juu ya injini inayofuka moshi kabla sijafungua mdomo. Nikasikia chuma kikisema tak! Nikamuuliza, kaka, nani kakutuma? Akasema, "Nasaidia." Kisha akadai elfu mbili ya maji.

Hawakukosea kwa kutojua. Mimi mwenyewe ndiye niliyejifanya najua, na nimelipia ujuaji huo milioni moja na laki tatu, bei ya injini ya mtumba na kuifunga. Kinachoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja kati yetu wanane aliyeweza kutamka maneno mawili mepesi: sijui, ndugu. Hata kile kibandiko cha ukaguzi kwenye kioo cha gari langu hakikuweza. Kinasema gari hili limekaguliwa. Mtu aliyenibandikia, wa wapi sisemi, hakufungua boneti. Hakuinama. Aliuliza kama nina chenji.

Basi niliporudi na gari lenye injini nyingine, bolti nikabaki nayo mfukoni kwa mapenzi tu. Ndiyo niliyokwenda nayo kwenye kikao.

Kuna kamati ya ujenzi ambayo mimi ni mjumbe, jengo gani naomba mnisitiri. Ilisomwa taarifa ya kukamilika kwa kazi. Saruji iliyopokelewa mifuko 160, iliyotumika 160. Mabati yaliyopokelewa 90, yaliyotumika 90. Misumari kilo 25, imetumika 25. Nondo zote. Rangi zote, hadi tone. Msomaji alipofika kwenye safu ya mwisho, ile ya vifaa vilivyobaki, alisoma "hakuna" mara tisa kwa sauti ya mtu anayehesabu ushindi, na kila "hakuna" wajumbe wakatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mimi nimekwisha kujenga banda la kuku. Lilibakiza misumari kumi na moja, nusu mfuko wa saruji uliogeuka jiwe, na bati moja lililopinda ambalo sasa ni kifuniko cha pipa. Sijawahi kuona kazi ya mikono ya binadamu isiyobakiza kitu. Asubuhi ile, kabla ya kikao, nilikuwa nimeegemea ukuta wa jengo hilo, na kanzu yangu ilitoka na unga mgongoni kama wa mtu aliyebeba gunia la sembe. Nikapitisha ukucha kwenye plasta. Ukaacha mfereji. Mchanga ulishuka taratibu, ukafanya kichuguu kidogo juu ya kiatu changu.

Katibu akauliza kama kuna mwenye swali kuhusu taarifa. Feni ilikuwa inazunguka. Chupa za soda zilikuwa zimeshafunguliwa. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaitoa ile bolti, nikaiweka mezani, katikati, juu ya taarifa.

Mwenyekiti akaishika, akaigeuzageuza, akaisogeza karibu na miwani.

"Mwalimu, hii ni ya dirisha?"

"Hapana, Mwenyekiti. Ya gari langu."

"Gari lako si limeshapona?"

"Limepona, Mwenyekiti."

Akanirudishia. Akasema kama hakuna swali lingine basi taarifa ipokelewe, twende kwenye mengineyo.