Kukutana na Msanii kwa Muuza Urojo

Kukutana ghafla na msanii anayependwa ni ajali ndogo ya kila tamasha, na Mji Mkongwe wa Unguja huwa nazo tele kila Februari, msimu wa Sauti za Busara. Tamasha hilo lilianza mwaka 2004, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa Ngome Kongwe. Februari ni kiangazi cha kaskazi. Ngome ina kuta nene, na aliyemaliza kuimba hutoka mbio kutafuta upepo. Upepo uko Forodhani, hatua chache tu, pamoja na mishikaki, juisi ya miwa na urojo. Kinachowakutanisha msanii na shabiki hapo si muziki, ni njaa.

Taabu huanzia kwenye kutambuana. Mwimbaji akishavua joho la jukwaani na kutia kandambili, kimo chake hupungua ghafla. Wapiga vyombo ndio hasa wasiojulikana: mpiga kanuni hutazamwa vidole usiku kucha, hivyo hata wanaomsifu hupishana naye bila habari. Sifa zake huweza kumwangukia fundi mitambo, ambaye kwa kawaida huzipokea.

Salamu nazo zina mtego. Shabiki mtu mzima akikutana uso kwa uso na nyota anayelingana na mwanawe, heshima humpanda kichwani na shikamoo humponyoka. Msanii, kwa kuwa amelelewa, anatoa yake papo hapo. Shikamoo mbili zinagongana hewani na marahaba inakosa mwenyewe. Zikishamalizika habari za nyumbani, za watoto na za joto hili, mtu wa ratiba amekwishafika kumwita msanii.

Mkono ni balaa jingine. Bakuli la urojo hushikwa kwa mkono mmoja na kijiko kwa wa pili. Wa kupeana na msanii haupo. Shabiki anayejaribu kuhamisha bakuli humwaga, na mchuzi wa urojo una manjano. Bhajia na kachori huokotwa, lakini doa la manjano kwenye kanzu nyeupe huondoka na kanzu yenyewe.

La kushangaza ni kwamba watu hawa hawa hawababaiki ukumbini. Taarabu imewapa utaratibu: wimbo ukimgusa, msikilizaji huinuka, huenda mbele kwa madaha, humtunza mwimbaji noti, kisha hurudi kitini bila kusema neno. Hakuna anayemtarajia ajieleze. Forodhani hakuna bendi ya kumfichia maneno yake, ndipo anapojikuta akimweleza mwimbaji jinsi anavyoupenda wimbo wake fulani, ambao ni wa mpinzani wake.

Picha hupigwa na muuza urojo, kwa haraka, maana wateja wanangoja, na mara nyingi hutoka na kidole chake.

Hubaki malipo. Shabiki, akikumbuka desturi ya kutunza, husisitiza kwamba bakuli la msanii ni juu yake, na kuchomoa noti ya elfu kumi. Muuzaji hana chenji. Majirani zake hawana pia. Baada ya kusubiri kidogo msanii hutoa fedha ndogo ndogo mfukoni, zikiwemo zile alizotunzwa jukwaani, na kulipia mabakuli yote mawili.