Jinsi ya Kufika Lindi na Altezza Bila Kuchemsha

Mwenye Altezza hahitaji kufundishwa kukanyaga mafuta. Anachohitaji kufundishwa ni kupoza, kwa sababu barabara ya kusini haimwulizi mtu gari lake linakimbia kiasi gani. Inamwuliza injini yake itatupa wapi joto. Safari inaanza na foleni ya Mbagala, gari linanguruma bila kusogea. Ukishavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, unazipita Somanga na Nangurukuru jua la saa saba likiwa utosini, na ukiingia Lindi utakuwa umemaliza takriban kilomita 450.

Toyota ilitengeneza Altezza kuanzia 1998 hadi 2005. Hata ile changa kabisa sasa ni mtu mzima, na kama rejeta, mipira na pampu ya maji ni vile ilivyotoka navyo Japani, navyo vimezeeka pamoja nayo. Spoila mpya haimrudishii ujana mzee huyu. Ukimpenda, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Iamini sindano ya joto

Madereva wengi wa Altezza huitazama spidi kila dakika, sindano ya joto mara moja kwa mwaka. Geuza desturi hiyo. Sindano ikivuka mahali ilipozoea kukaa, usijidanganye kuwa sensa imeharibika. Zima AC, punguza mwendo, fungua vioo, kisha washa hita hadi mwisho. Ndiyo, hita, tena Kilwa, tena mchana. Hita ni rejeta ndogo ya pili, nayo huondoa joto kwenye injini na kulileta kwako. Utalowa jasho, lakini jasho hufutwa kwa leso. Silinda hedi iliyopinda hupelekwa kwa fundi wa kuchonga.

Sindano isiposhuka, simama na uzime injini. Kivuli cha mkorosho ni kizuri, ila usiegeshe juu ya nyasi au majani makavu, maana ekzosti ya gari lililochemka inaweza kuyawasha.

Hatua ya 2: Kaa mbali na mfuniko

Ukisimama tu, atatokea bingwa mwenye kitambaa mkononi akitaka kufungua rejeta. Mshukuru, kisha mpeleke akakae kivulini. Mfuniko wa rejeta hushikilia presha, na kwa presha hiyo maji yanaweza kufika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Ukifungua, presha inaondoka ghafla, maji yanageuka mvuke papo hapo na kumrukia bingwa usoni. Subiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono na uwe laini.

Wala usimimine maji ya baridi ndani ya injini ya moto. Altezza ina silinda hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma. Alumini hutanuka na kusinyaa zaidi kuliko chuma, na mshtuko wa baridi unaweza kuipinda au kuipasua.

Hatua ya 3: Uliza inachemka lini

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Gari linachemka, mwenyewe ananunua rejeta. Linachemka tena, ananunua pampu. Kabla ya kununua chochote, jibu swali moja: linachemka likiwa wapi?

Likichemka Mbagala na kupoa likipata mwendo, shuku feni. Kama feni ni ya umeme, washa AC uone kama inazunguka, kisha angalia fyuzi, relei na waya. Kama ni ya klachi, klachi inaweza kuwa imechoka.

Likitulia kwenye foleni na kuchemka kwenye mnyooko wa kutoka Nangurukuru kwenda Mchinga, hewa ipo lakini haitoshi au maji hayazunguki vizuri. Shuku rejeta iliyoziba ndani au nje, themostati isiyofunguka yote, pampu iliyochoka, au mpira wa chini unaonyong'onyea injini ikipandishiwa mizunguko.

Likichemka huku hita ikitoa hewa ya baridi, maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa ndani. Tafuta yanakovuja.

Hatua ya 4: Irudishie hewa yake

Piga magoti mbele ya bampa. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na kati ya hivyo viwili hujificha wadudu, nyasi na vumbi lililokandamana. Osha kwa maji ya mkondo mpole ukitokea upande wa injini kwenda nje. Hewa ya bahari yenye chumvi nayo hula vijibati vyembamba vya rejeta. Ukivigusa vikabomoka kama unga, rejeta hiyo haioshwi, inabadilishwa.

Kisha chungulia chini. Kimbunga Hidaya kilipokata barabara hii Mei 2024, magari yalipita kwenye michepuko. Gari lililoshushwa hadi tumbo linakaribia lami huacha kava la chini ya injini kwenye michepuko ya namna hiyo, na mwenyewe husema halina kazi. Kazi linayo: huielekeza hewa ipite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini yake. Lirudishe. Na zile taa za ziada ulizozipanga mbele ya tundu la bampa, ziondoe.

Hatua ya 5: Usiinyweshe kisima

Maji ya kisima ndicho chanzo cha kuchemka kinachosahauliwa kuliko vyote huku pwani. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa, mara nyingine na chumvi. Chokaa ya matumbawe imeushikilia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwa karne nyingi, na ndani ya rejeta nayo hushika vilevile. Maji yakipata moto, chokaa hujitenga na kuganda kwenye mirija hadi njia inafungwa. Chumvi nayo hula alumini.

Tumia kulanti inayofaa Toyota, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Dukani huitwa maji ya betri, lakini soma chupa, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwa jina hilo. Usiamini rangi ya kulanti, soma maelezo. Kama dharura imekulazimisha kutia maji ya kisima, ukifika mwaga yote, suuza mfumo na ujaze upya huku ukitoa hewa.

Hatua ya 6: Rudisha themostati

Fundi akikwambia dawa ni kutoa themostati, mwombe aitumbukize kwanza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Ikifunguka, ni nzima. Ikikataa, nunua nyingine. Injini isiyo na themostati hukawia kupata joto, hula mafuta zaidi na huchakaa. Katika injini nyingi, kuitoa huacha wazi njia ya mkato, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Hatua ya 7: Kubali habari mbaya mapema

Rejeta ikitoa mapovu mfululizo, mpira ukawa mgumu mara tu unapowasha injini ya baridi, oili ikafanana na chai ya maziwa, au ekzosti ikatoa moshi mweupe usiokwisha, gasketi ya silinda hedi huenda imeungua. Mwambie fundi apime kwa ile dawa ya buluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini ndani ya rejeta. Ikithibitika, hedi ishushwe, ipimwe kama imepinda, ichongwe, na gasketi iwe mpya. Unga wa kuziba nyufa unaotiwa kwenye rejeta utaziba na mirija mizima.

Ndugu mwenye Altezza, fedha uliyoitenga kwa rimu, ipeleke kwanza kwenye mfuniko mpya, mipira, themostati na kulanti. Rimu zitakusubiri. Silinda hedi haitakusubiri.