Mchicha Uliopanda Cheo

Kapu la kuletewa, yaani kifurushi cha matunda na mboga kinacholipiwa kwa simu kila wiki na kufikishwa mlangoni kwa bodaboda, limemwokoa mkazi wa Masaki, jijini Dar es Salaam, ambaye awali alilazimika kutembea hatua 50 hadi gengeni. Karoti ni zilezile za Lushoto zilizoshushwa Ilala alfajiri, na mchicha ni uleule, ila sasa umefungwa utepe na kuitwa "teule", cheo ambacho, kama vyeo vingi, huongeza gharama bila kuongeza ladha. Gengeni mnunuzi huminya nyanya, hubishania bei na kudai nyongeza ya pilipili. Kapuni hupokea biringanya tatu asizoziagiza, ambazo huishia kwa mlinzi. Mlinzi hajalalamikia bei.