Masizi ya Masjala

Nyumba ya Bi Kanga iliteketea usiku wa manane, na kibuyu chake kilikaa kimya darini.

Kilikuwa kibuyu cha sheria. Kijiji cha Makutini, kama jina lake, kiliezekwa makuti matupu, na nyumba zilisongamana hivi kwamba ukipiga chafya kwako, jirani anakuombea afya bila kuinuka kitandani. Baada ya moto wa kiangazi kimoja kumaliza mtaa mzima wa akina Paa, Jumbe Ndovu aliitisha baraza akatoa amri: kila nyumba itundike kibuyu cha mayowe. Moshi ukiingia, kibuyu kilie, wenye nyumba waamke watoke.

Vibuyu vilikuja vya aina mbili. Cha kimulimuli kilitengenezwa na Nungunungu, fundi asiyejua kunadi. Ndani yake kimulimuli aliangaza upande mmoja, na chura alikaa kwenye kona ya giza upande wa pili. Hewa ikiwa safi, chura haoni kitu. Moshi ukiingia, mwanga unagonga chembe zake, unatawanyika, unamfikia chura, naye anapasua koo. Cha nyenje kilikuwa cha Fisi. Humo buibui alifuma uzi mwembamba, nyenje akashika ncha. Chembe za moshi zikiutikisa uzi, nyenje anapiga ukelele. Cha Fisi kilikuwa rahisi kwa bei, tena Fisi ana meno mengi ya kuwachekea wateja. Karibu kijiji kizima kilinunua kwake.

Jumbe hakuwa mjinga. Alimtuma Kima avijaribu vibuyu vyote, na kila kaya ikachanga pishi moja ya mtama kulipia kazi hiyo. Kima akajenga kibanda, akaziba madirisha, akawasha nyasi kavu zikalipuka miali. Cha Fisi kikalia kwanza, kikamwacha mwenzake nyuma. Kisha akaweka kaa moja la moto juu ya godoro la sufi, akatoka kuchungulia kwenye ufa. Godoro likafukuta. Moshi mzito wa kijivu ukajaa chumbani kuanzia paani kushuka. Chura akalia. Nyenje kimya. Kima akamenya ndizi, akaila. Nyenje kimya. Akamenya ya pili. Nyenje alipokuja kulia, kwenye ufa haukuonekana tena ukuta, wala godoro, wala kitu.

Kima ndiye pekee ninayemvulia kofia katika kisa hiki. Aliandika yote, nyasi na godoro na ndizi mbili, pamoja na jina la kila mtengenezaji. Akalipeleka jalada masjala. Kobe akaligonga mhuri, akalifungia sandukuni, akalikalia sanduku.

Na humo ndimo lilimokuwa usiku ule kaa lilipodondoka kutoka jiko la Bi Kanga likaangukia godoro la sufi. Vifaranga walilala saba. Alitoka na sita.

Arobaini ilipokwisha, alikwenda masjala.

“Shikamoo, Mzee Kobe.”

“Marahaba, mwanangu. Pole tena kwa msiba.”

“Tumeshapoa, Mzee. Nimekuja kuomba jalada la vibuyu, nilisome.”

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Makutini walizoea kusema kuwa hapo ofisi imefungwa.

“Lakini lipo?” Bi Kanga akauliza.

“Lipo,” ikajibu sauti kutoka ndani.

“Na mtama wa kulilipia ulikuwa wa nani?”

“Wenu. Pishi moja kila kaya, stakabadhi zote ninazo.”

“Basi nifungulie.”

“Lina majina ya watu, mwanangu. Sheria inataka jina la muuzaji lisitoke nje mpaka mwenyewe apewe taarifa, apewe siku za kujibu, na baraza liridhike kwamba kumtaja si kumwonea. Mtu havunjiwi heshima hivihivi.”

“Na mwanangu, Mzee, alipewa siku ngapi?”

Gamba likanyamaza.

Msomaji usidhani sheria hii nimemtungia Kobe. Marekani wanayo tangu 1972, katika sheria iliyounda tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC. Kifungu cha 6(b) kinaitaka tume, kabla ya kutoa habari itakayowafanya watu wamtambue mtengenezaji, impe kwanza taarifa na nafasi ya kusema lake, tena ihakikishe habari ni sahihi na ya haki kwake. Siku za kungoja zilikuwa 30. Mwaka 2008 zikapunguzwa kuwa 15. Na hawa ni watu wenye sheria ya uhuru wa habari tangu 1966! Katika miaka ya 1970 watetezi wa walaji waliomba taarifa za ajali zilizosababishwa na televisheni. Wenye viwanda wakakimbilia mahakamani, na mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi: hata anayeomba kwa sheria ya uhuru wa habari atangoja muuzaji akapigiwe hodi kwanza.

Wala vibuyu viwili si ndoto yangu. Ving'ora vya moshi vya huko ni vya namna hiyo, kimoja kikitumia mwale wa mwanga, kingine chembe ya elementi ya ameriki yenye mnururisho. Taasisi ya viwango ya serikali yao, NIST, ilivijaribu ikachapisha ripoti mwaka 2004: cha mnururisho huwahi moto wa miali, cha mwanga huwahi ule wa kufukuta. Hayo yalitolewa bila shida. Kusema kwamba aina fulani huchelewa hakumuudhi mtu. Taabu huanza pale mama anapotaka kujua kibuyu kilichotundikwa juu ya kichwa cha mwanawe kilitengenezwa na nani.

Bi Kanga naye alikuwa amesikia habari za nchi nyingine. “Kenya,” akamwambia Kobe, “wameandika tangu 2016 kwamba ombi likigusa uhai au uhuru wa mtu lijibiwe ndani ya saa 48.”

“Wewe ni raia wa Kenya?”

Hakuwa.

Basi barua ikaenda kwa Fisi. Fisi akazila siku zake zote kama anavyokula mfupa, mpaka uboho. Siku ya mwisho akajibu kwa kurasa kumi na moja. Kwamba godoro la Kima lilikuwa la chuki. Kwamba idadi ya mapigo ya moyo wa nyenje ni siri ya biashara. Kwamba kuna wajane na mayatima wanaokula kwa kazi ya kufuma nyuzi, na jina lake likichafuka watalala njaa. Hapo, inasemekana, Jumbe Ndovu alifuta chozi. Kwamba yeye Fisi binafsi anamwonea huruma Bi Kanga, na yuko tayari kumpa kibuyu kipya, cha nyenje, kwa nusu bei.

Baraza likakaa, likaamua kwa hekima. Haki ya Bi Kanga ya kusoma iheshimiwe, na heshima ya Fisi ilindwe. Kobe akachota masizi, akachovya mguu, akapita juu ya kila mstari. Masizi yenyewe aliyapata wapi? Kulikuwa na nyumba moja tu iliyoungua mwaka ule.

Alipokabidhiwa, Bi Kanga alipiga magoti palepale masjala akasoma. Kurasa zilikuwa nyeusi kama kisima. Yalisalia maneno machache: “Kwa Jumbe Mtukufu”, “godoro”, “ndizi ya pili”, na mwisho kabisa, “Wako mtiifu, Kima”. Akatia saini kwamba amehudumiwa.

Mvua ilimkuta njiani. Alizibana karatasi chini ya mbawa zisilowane, zikalowana. Masizi yakamwagika mwili mzima. Wazee wa Makutini wanasema ndiyo asili ya rangi ya kanga mpaka leo, na kwamba yale madoa meupe ni mahali ambapo mguu wa Kobe haukufika. Wengine, waliomjua mama yake Kanga, wanasema hata yeye alikuwa na madoa. Mimi simo katika ugomvi huo.

Ninachojua ni kwamba toka siku ile Bi Kanga hakulala tena chini ya dari yoyote. Alipanda mkwajuni, vifaranga sita ubavuni, akawa analia kwa kila kitu: nyoka akipita, jani kavu likidondoka, jirani akiwasha kiko. Watu walichukia. Kuna aliyetupa jiwe. Mpaka usiku mmoja godoro la mzee Ngiri lilipofukuta na kibuyu kikatulia tuli, na kelele za mkwajuni zikamtoa Ngiri nje, yeye na mkewe na watoto tisa, wakikohoa.

Asubuhi Ngiri alishusha kibuyu chake, akakigeuza kuwa cha kutekea maji. Mke wa Paa akafanya vivyo hivyo. Kufikia Ijumaa kisimani kulikuwa na foleni ya vibuyu.

Fisi akapeleka malalamiko barazani. Kuna mtu, alisema, anapiga mayowe ya moto kijijini bila mhuri wala majaribio, na usalama wa wananchi si jambo la kuchezea. Baraza likaona hoja ina uzito. Kila kaya ikachanga pishi nyingine. Kima akafungua tena kibanda chake, akamweka Bi Kanga ndani, akawasha nyasi, Bi Kanga akalia. Kima akaleta godoro la sufi na kaa. Kabla kaa halijagusa godoro, Bi Kanga alikuwa ameshalia, na Kima hakupata hata nafasi ya kumenya ndizi.

Aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Jalada likapelekwa masjala, likagongwa mhuri.

“Shikamoo, Mzee Kobe. Nimekuja kusoma majibu yangu.”

“Marahaba, mwanangu. Yapo.” Kichwa kikaanza kurudi ndani. “Ila mlalamikaji ni Fisi, na jina lake limo. Tumeshamwandikia barua.”