Mpangaji Asiyelipa Kodi

Jirani yangu huku Litein alimkuta nyoka wa kahawia kwenye gunia la mahindi, akapiga nduru mpaka wachuma chai wakatupa vikapu. Panga likashuka. Kumbe yule ni nyoka wa nyumbani, hana sumu. Akitishwa atang'ata, uondoke na mikwaruzo, kisha arudi kusaka panya. Mwenzake wa Marekani, nyoka wa mahindi, ananunuliwa kwa dola, analazwa kwenye sanduku la kioo lenye joto na kuletewa panya wa friji. Kwetu, kumfuga kunataka kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Kumkata, panga tu linatosha. Wiki iliyofuata jirani alinunua sumu ya panya. Akafa paka. Panya je? Jana usiku nimewasikia darini wakigawana bonasi ya chai.