Kwa Wakubwa Mnaopanga Bei ya Stima: Balbu Zangu Zimekosa Nini?

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Longonot, mahali ambapo baridi ni ya bure. Mwezi wa Julai, alfajiri, sufuria ya maji iliyolala nje huguswa baada ya sala fupi. Mtauliza basi nilitafuta nini kwa friji. Mama watoto aliuliza kabla yenu. Ni kwamba ikifika saa nane mchana baridi hiyo huwa imeshaenda zake, na maziwa ya jana hayana subira ya kuingoja irudi.

Mwaka 2023 nikanunua ya mtumba. Ubavuni ilikuwa na karatasi ya Ulaya ya kupima ulaji wa umeme, yenye herufi A ya kijani, nikajiona nimeokota dhahabu. Baadaye ndipo nikajua kwamba Wazungu wenyewe walizifumua herufi hizo Machi 2021, maana karibu kila friji ilikuwa imefaulu, nyingine hata zikavishwa alama tatu za kujumlisha. A yangu ni ya enzi za mitihani myepesi. Hapa kwetu alama hizo ni nyota, kwa kanuni za 2016, ila yangu ilikuja bila hata moja.

Ikawa inakula uniti moja na nusu kwa siku, 45 kwa mwezi. Fundi akaniambia nibane noti mlangoni. Nikabana ya 50, nikafunga, nikavuta. Ikatoka bila ubishi, kama noti zangu zote. Raba imechoka, akasema, baridi inatoroka. Akaigeuza: mgongoni vumbi la Longonot lilikuwa limeivisha sweta. Hayo ni yangu, siwalaumu.

Nawaandikia kwa niaba ya balbu. Kabla ya friji tulitumia uniti 18: balbu nne, televisheni, simu. Kwa bei ya Aprili 2023, walio chini ya uniti 30 walilipa shilingi 12.22 kwa uniti, kabla ya kodi na makato. Shilingi 220, mwezi umeisha. Friji ikatufikisha 63, mkatupandisha cheo hadi 16.30. Wala si kwa zile zilizozidi. Kwa zote, tangu ya kwanza. Zile 18 za zamani zikawa shilingi 293. Mwanga ni uleule. Balbu ya jikoni haijaonja barafu hata siku moja, lakini inailipia.

Novemba 2018 mstari huo wa bei ya mnyonge mliuweka kwenye uniti 100. Mlipouteremsha hadi 30 nilielewa: mnyonge rasmi ni yule anayekunywa maziwa yangali moto.

Jumapili moja nilipanda mlima wetu, mita 2,776, nikauona mvuke wa Olkaria ukipaa upande wa magharibi. Umekuwa ukifua umeme tangu 1981. Unatoka chini ya miguu yetu, unaingia kwenye waya, unapiga hodi kwetu ukiwa na bei ya mgeni. Ujumbe wa tokeni ukija, siku hizi mimi husoma makato kabla ya namba: kuna la mafuta, kuna la sarafu za kigeni, kuna hata la maji. Mvuke ule, kwa nilivyouona, haunywi dizeli wala haudai dola.

Hata hivyo nimetii. Friji nimeing'oa kwenye soketi. Sasa inatunza unga, sukari na madaftari ya watoto, na panya hawajajua kufungua mlango. Maziwa hulala dirishani, yanaisha kabla ya adhuhuri. Lakini hesabu yenu ni ya wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo balbu bado zinatumikia kifungo kwa kosa la mwenzao. Huu ni mwezi wa pili. Mama watoto anauliza kama mtaleta barua ya kuziachilia, au zitajitokea zenyewe.

Wenu katika giza la kujitakia,
Mwenye kabati jeupe, Longonot