Hotuba ya Mtaalamu Mkuu kwa Mabondia Wanaopunguza Uzito

Ndugu mabondia, makocha, mapromota, na nyinyi wa mieleka mliojipenyeza nyuma bila kulipa: karibuni. Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Usingizi wa Wapiganaji, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kukosa mtu mwenye hadhi ya kunipa. Msimamo wangu ni mmoja: usingizi haupandi kwenye mizani, kwa hiyo hauna maana.

Tuanze kambini. Bondia anayetakiwa kushusha kilo tano kwa wiki moja huacha wali, huacha chumvi, huvaa nailoni akakimbia saa saba mchana, kisha hutema mate kopo zima. Usiku yuko kitandani, macho makavu, anahesabu mabati. Wanasayansi wanasema njaa humnyima mtu usingizi, kwa sababu ubongo unamtaka akatafute chakula. Wanasema homoni ya msongo, kortisoli, imepanda. Tena sparingi imeisha saa tatu usiku na mwili bado unachemka, ilhali usingizi huja joto la mwili linaposhuka. Na ile kahawa nyeusi ya kuua njaa? Saa tano hivi baada ya kuinywa, nusu ya kafeini bado imo damuni. Mimi nasema mvivu hakosi sababu.

Wapo hata wanaodai kwamba kulala kwenyewe hupunguza uzito, maana usiku kucha maji hutoka kwa pumzi na jasho. Uzito unaotoka bila mateso mimi siutambui!

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya watu 10 wanene waliopunguziwa chakula kwa siku 14, mara moja wakipewa saa nane na nusu za kulala, mara nyingine saa tano na nusu. Kilo zilizopungua zilikaribiana. Nani mshindi? Mimi! Kuna kijambo kidogo tu: waliponyimwa usingizi, mafuta yaliyoyeyuka hayakufika nusu ya yale ya waliposhiba usingizi, na mwili ukajila nyama yake. Lakini mizani haiulizi kama umeacha kitambi au umeacha msuli wa ngumi, nami siwezi kuwa mdadisi kuliko mizani.

Sasa twende Olimpiki ya Paris, Agosti 2024. Vinesh Phogat wa India, mieleka ya kilo 50, alishinda mapambano matatu kwa siku moja, likiwemo lile dhidi ya Yui Susaki, bingwa wa Olimpiki wa Tokyo. Ila mieleka hupima tena asubuhi ya fainali, na jioni ile alikuwa amezidi kwa zaidi ya kilo mbili. Usiku mzima hakulala: mazoezi, sauna, hadi nywele zikakatwa. Asubuhi alizidi gramu 100. Akaondolewa, akawekwa wa mwisho. Mkesha kamili, nidhamu kamili, medali hakuna. Kwa kweli mfano huu unanisumbua, ndiyo maana nimeusoma haraka.

Kwenye ngumi za kulipwa mna bahati, maana mnapimwa siku moja kabla. Mnakunywa maji, mnakula ugali, kilo zinarudi kesho yake. Usingizi wa wiki nzima haurudi kwa usiku mmoja, kwa hiyo unapanda ulingoni mnene kuliko jana, ngumi unaiona inakuja, na kichwa kinachelewa kuhama. Hiyo ni kazi ya daktari wa ulingoni, si yangu.

Kocha mmoja mzee aliniuliza: “Mtaalamu, kijana akipungua taratibu kwa wiki nane, mazoezi mazito akayafanya asubuhi, usiku akalala, si atafika kwenye uzito wake salama?”

Nikamjibu kwa hekima yangu yote: “Atafika, mzee wangu. Sasa mimi nitakula nini?”

Maswali mengine hayapokelewi. Na yule kijana anayekoroma mstari wa tatu mwamsheni mara moja, analala bila kibali changu.